Malkia Elizabeth wa York na Daftari Lake la Matumizi

Aliyewahi kushika daftari la fedha la kanisa anajua jambo moja: ukilisoma polepole utamfahamu mwenye matumizi kuliko ukimsikiliza akisema. Mimi nimelishika daftari la namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nilipopata kusoma hesabu za mfuko wa malkia mmoja wa Uingereza aliyekufa zaidi ya miaka 500 iliyopita, nilijikuta nalisoma kama barua ya mtu ninayemjua. Ndiye ninayetaka kuwaeleza mwezi huu.

Malkia huyo ni Elizabeth wa York. Tusimchanganye na Malkia Elizabeth aliyefariki mwaka 2022, wala na yule wa kwanza mwenye jina hilo aliyetawala kuanzia mwaka 1558. Huyo wa mwaka 1558 alikuwa mjukuu wake, na bila shaka jina alilirithi kwa bibi. Elizabeth wa York hakutawala. Alikuwa binti wa mfalme, dada wa mfalme, mpwa wa mfalme, mke wa mfalme, na mama wa mfalme. Lakini uchache wa fedha ulimsumbua kama unavyotusumbua sisi.

Alizaliwa Westminster tarehe 11 Februari 1466, mtoto wa kwanza wa Mfalme Edward wa Nne na Malkia Elizabeth Woodville. Wakati ule jamaa wa mfalme walikuwa wakipigania kiti, ukoo wa York na ukoo wa Lancaster, na watoto walikua katikati ya vita hivyo. Alipokuwa na umri wa miaka minne baba yake alifukuzwa katika ufalme, na mama akakimbilia na watoto katika mahali patakatifu pa Westminster, ambapo kwa desturi ya siku zile askari hawakuruhusiwa kumkamata mtu. Huko huko mama akajifungua mtoto wa kiume. Baba alirudi mwaka uliofuata, na kwa miaka kumi na miwili hivi nyumba ikawa na amani na mali nyingi.

Halafu mwezi Aprili 1483 Mfalme Edward akafa ghafla. Yaliyofuata yanajulikana sana. Baba mdogo wa watoto, Richard, alijitwalia kiti. Wadogo wawili wa kiume wa Elizabeth wakawekwa katika Mnara wa London na hawakuonekana tena. Mjomba wake, Anthony Woodville, aliyekuwa na cheo cha Earl Rivers, alikatwa kichwa katika mji wa Pontefract. Mama na mabinti wakakimbilia tena Westminster, wakakaa humo mpaka mwezi Machi 1484. Bunge likatamka kuwa Elizabeth na ndugu zake si watoto wa ndoa halali. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Tarehe 22 Agosti 1485 Richard aliuawa vitani huko Bosworth, na mshindi alikuwa Henry Tudor, ndiye Mfalme Henry wa Saba. Huyu alikuwa ameahidi kumwoa Elizabeth ili koo mbili ziungane, na wakafunga ndoa tarehe 18 Januari 1486. Ndoa ya siasa, naam. Lakini dalili nyingi zinaonyesha kuwa watu hawa wawili walikuja kupendana. Walipata watoto: Arthur, Margaret, Henry, Elizabeth, Mary, Edmund, na kitoto cha mwisho nitakachokitaja baadaye. Elizabeth mdogo alikufa akiwa na miaka mitatu, na Edmund kabla hajatimiza miaka miwili.

Sasa tuje kwenye daftari. Jumba la mfalme lilikuwa na mpango wake mkubwa wa matumizi ya kila siku. Katika siku za baba yake Elizabeth, yapata mwaka 1472, iliandikwa kanuni iitwayo Kitabu Cheusi, iliyopanga kila mtu katika jumba apate mikate mingapi, pombe kiasi gani, mishumaa na kuni kiasi gani, kulingana na cheo chake. Kulikuwa na idara ya mikate, idara ya vinywaji, ya viungo, ya mishumaa, ya kufua nguo, na makarani walioketi kwenye meza yenye kitambaa cha kijani kukagua kila kilichotoka ghalani. Lakini malkia alikuwa na mfuko wake mwenyewe, uliotokana zaidi na kodi za mashamba na vijiji alivyopewa. Mfuko huo ulitunzwa na Richard Decons, naye aliandika kila kilichoingia na kutoka. Daftari lake la kuanzia Machi 1502 hadi Februari 1503 limebaki mpaka leo, na mwaka 1830 mwanachuoni Nicholas Harris Nicolas alilichapisha London. Ni mwaka mmoja tu wa maisha ya mwanamke huyu, nao ulikuwa wa mwisho.

Kwanza tuelewane juu ya fedha. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Neno letu shilingi limetoka huko huko, wazee wetu watakumbuka. Kibarua wa kawaida alipata kama peni 4 kwa siku, na fundi peni 6. Ukishika kipimo hicho mkononi, daftari linaanza kusema.

Viatu vya malkia viligharimu peni 12, yaani siku tatu za kibarua, na bizimu zake hazikuwa za dhahabu wala fedha. Magauni yake yalishonwa yakichakaa, yakapinduliwa upande wa ndani ukawa nje, yakabadilishwa pindo. Kuna siku fundi alilipwa peni 16 kwa kutengeneza magauni manane, kila moja peni 2. Akina mama mtanielewa. Huyu ni mke wa mfalme ambaye alijulikana kote Ulaya kwa kukusanya mali, naye anavaa gauni lililotiwa pindo jipya kwa sababu la zamani limeliwa na sakafu.

Wapo wanaosema alifanya hivyo kwa unyenyekevu. Wengine wanamlaumu mumewe kwa ubahili. Mimi nikitazama hesabu naona sababu iliyo rahisi zaidi: alikuwa na madeni. Mwaka 1497 mumewe alimpa pauni 2,000 alipe madeni yake, na zilikuwa za kurudishwa. Mwaka huu wa daftari aliweka vyombo vyake vya fedha rehani apate pauni 500. Zilizoingia zote mwaka huo hazikufika pauni 3,600, na zilizotoka zilipita 3,400. Mtu mwenye magauni ya viraka amemaliza maelfu ya pauni. Zimekwenda wapi?

Ukifuatilia utaona sehemu kubwa imewaendea watu wake. Dada yake Anne aliolewa na Thomas Howard, ambaye hakuwa na uwezo wa kumtunza binti wa mfalme, basi Elizabeth alikubali kutoa pauni 120 kila mwaka kwa ajili ya nyumba yao. Dada mwingine, Bridget, alikuwa mtawa huko Dartford, na mama mkuu wa watawa alipelekewa fedha za matunzo yake. Dada wa tatu, Katherine, ndiye aliyekuwa na shida iliyo nzito kuliko zote. Mume wake, William Courtenay, alikamatwa mwaka 1502 na kufungwa, akishukiwa kula njama na Edmund de la Pole, aliyekuwa akitaka kiti cha Mfalme Henry. Mke wa mtu wa namna hiyo hukimbiwa na marafiki hata leo. Elizabeth alimpa dada yake pauni 50 kwa mwaka, na watoto wake akawaweka chini ya ulezi wa bibi mmoja, Margaret Cotton, huko Havering katika Essex, akilipia chakula, mavazi na watumishi wao. Mmoja wa watoto hao alipokufa, ni malkia aliyelipia mazishi.

Nisimame kidogo hapa. Waandishi wengi humsema Elizabeth kuwa mke mpole asiye na neno, aliyefunikwa na mume na mama mkwe wake, Bibi Margaret Beaufort. Labda kwa maneno alikuwa mpole kweli. Lakini kuwalisha waziwazi watoto wa mtu anayetuhumiwa kumpindua mumeo, na kuacha karani aandike jambo hilo katika daftari ambalo mfalme akitaka ataliona, hilo si jambo la mtu dhaifu. Nami nadhani lasema mema juu ya mfalme pia, kwamba hakulikataza.

Sehemu nyingine ya fedha iliwaendea watu wadogo. Huku kwetu mgeni haji mikono mitupu, na huko nako ilikuwa desturi. Maskini walimletea malkia walichokuwa nacho: kuku, siagi, matofaa, machungwa, njegere changa za kwanza, cheri, mashada ya waridi. Yeye naye hakuwaacha waondoke hivi hivi. Mara nyingi zawadi aliyowarudishia ilizidi sana bei ya kile walicholeta, na ilizidi hata bei ya viatu vyake. Nafikiri walijua, ndiyo maana hawakukoma kuja. Kuna mtoto aliyeletwa akatolewa kwa malkia, naye akalipiwa mlezi. Kuna mchekeshaji wake, William, ambaye chakula na malazi yake vililipwa kila mwezi. Kuna shilingi 8 za kuwazika watu walionyongwa Wapping, ambao pengine hawakuwa na mtu mwingine wa kuwazika.

Na kuna mistari miwili ambayo karani aliiandika kwa mkono ule ule aliouandikia ya fundi na ya kuku. Mmoja ni wa shilingi 3 na peni 4, alizopewa mwanamke ambaye zamani alikuwa yaya wa mdogo wake malkia. Mwingine ni wa peni 12 kwa mtu kutoka Pontefract, aliyesema kuwa mjomba wake, Earl Rivers, alilala nyumbani kwake wakati wa kifo chake. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Katika maisha yake yote ya umalkia hatusikii Elizabeth akisema neno hadharani juu ya wadogo zake waliopotea Mnarani wala juu ya mjomba wake. Lakini yaya alipopiga hodi, na yule mtu wa Pontefract alipopiga hodi, hawakufukuzwa.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kufunga na kulia kila siku. Alicheza karata na dadu kwa fedha. Siku ya Mtakatifu Stefano mwaka 1502 alitengewa shilingi 100 za kuchezea karata Krismasi ile, fedha ambazo kibarua angezipata kwa siku 300. Mwezi Agosti alitoa pauni 4 kwa ajili ya kinanda cha nyuzi. Alinunua nyuzi za kinanda cha binti yake Margaret, kile cha kupiga kwa vidole, ambacho Waingereza walikipata kutokana na udi wa Waarabu, yaani ndugu wa udi huu tunaousikia katika taarabu. Alifuga mbwa wa kuwinda, akalipa wapiga muziki, akalipa wapiga makasia waliomvusha mto Thames kutoka jumba hili hadi jumba lile. Mahitaji hayo nayo yamo katika daftari, na sioni sababu ya kuyaficha.

Alhamisi Kuu ya mwaka 1502 iliangukia tarehe 24 Machi. Elizabeth alikuwa katika mwaka wake wa thelathini na saba, basi wakaitwa wanawake maskini 37, na kila mmoja akapewa shilingi 3 na peni 1, ambazo ni peni 37. Jumla yake ni shilingi 114 na peni 1. Nimepiga hesabu mwenyewe, karani hakukosea. Desturi hiyo ya kutoa kulingana na miaka ya mfalme au malkia inaendelea katika Kanisa la Uingereza hata leo, na wengi mmepata kuisikia. Mwezi huo huo alituma watu wawili wazunguke mahali pa hija kwa niaba yake, mmoja wao padre, wakipeleka sadaka katika makanisa mengi, Windsor, Walsingham, Canterbury na kwingineko, na kila mmoja alilipwa peni 10 kwa siku. Kumbukeni kuwa siku zile Kanisa la Uingereza bado lilikuwa chini ya Roma. Aliyekuja kulitenga mwaka 1534 ni mwanawe Henry, ambaye wakati huu alikuwa kijana wa miaka kumi.

Kwa nini hija nyingi namna ile? Kuna anayedhani alikuwa na hofu juu ya mwanawe mkubwa, Arthur, aliyemwoa Catherine wa Aragon mwezi Novemba 1501 na kwenda naye kukaa Ludlow, karibu na Wales. Kama ndivyo, hofu ilikuwa ya kweli. Arthur alikufa tarehe 2 Aprili 1502, akiwa na miaka kumi na mitano.

Habari zilifika Greenwich. Padre muungamishi wa mfalme alimwendea asubuhi na mapema akamwambia, na mfalme akamwita mkewe wapate kuubeba msiba pamoja. Elizabeth ndiye aliyemtuliza kwanza. Alimkumbusha kuwa mama yake hakuwa na mtoto mwingine ila yeye, na Mungu alimlinda hata akawa mfalme. Kwamba bado wana mwana mmoja na mabinti wawili. Na kwamba wao wenyewe bado si wazee. Kisha akarudi chumbani kwake, na huko nguvu zikamwishia, akalia hata wanawake waliokuwa naye wakatuma mtu kumwita mfalme, naye akaja mbio kumtuliza yeye kwa maneno yale yale. Baada ya hapo kitambaa cheusi kinaonekana katika daftari.

Na kweli alishika mimba tena, akiwa na miaka thelathini na sita, mwili umekwisha kuchoka. Mwezi Julai aliugua huko Woodstock. Hata hivyo mwezi Agosti alisafiri mpaka Raglan katika Wales, safari ndefu kwa mja mzito, na karani akaandika malipo ya njia nzima: farasi, vivuko, waongozaji. Desemba alikuja mtawa mmoja na mshipi uliosemwa kuwa wa Bikira Maria, ambao wanawake walijifunga wakati wa uchungu, akapewa shilingi 6 na peni 8. Mnajimu wa mfalme, Mwitalia William Parron, alitabiri kuwa malkia ataishi mpaka uzee mkubwa.

Tarehe 2 Februari 1503, sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, alijifungua mtoto wa kike katika Mnara wa London, akaitwa Katherine. Baada ya siku chache hali ya mama ikawa mbaya. Mfalme aliamuru aitwe tabibu Hallysworth, aliyekuwa Kent. Aliyetumwa ni James Nattres, na gharama zake zote zimeandikwa: mashua kutoka Mnarani hadi Gravesend na kurudi, shilingi 3 na peni 4, mabaharia wawili waliomngoja huko, peni 8, farasi wa kukodi na waongozaji wa usiku na mchana, shilingi 2 na peni 4, matumizi yake mwenyewe, peni 8. Jumla shilingi 7. Waongozaji wa usiku na mchana: ndiyo kusema hakulala.

Malkia Elizabeth alikufa tarehe 11 Februari 1503, siku aliyotimiza miaka thelathini na saba.

Mfalme alijitenga mahali pa faragha na hakutaka kuonana na watu. Yeye aliyesifika kwa kuhesabu kila peni, alitoa zaidi ya pauni 2,800 kwa mazishi yake. Jeneza lilipopita katika London kwenda Westminster, wasichana 37 walisimama Cheapside wamevaa nguo nyeupe, kila mmoja na mshumaa unaowaka, kwa kadiri ya miaka yake. Hakuoa tena. Aliishi miaka sita zaidi, akazikwa kando yake, na sanamu zao wawili za shaba zilizopakwa dhahabu, kazi ya Mwitalia Pietro Torrigiano, zinaonekana mpaka leo katika kanisa la Westminster.

Richard Decons alibaki na kazi ya kufunga hesabu. Katika kurasa za mwisho, pamoja na malipo ya James Nattres, umo mstari wa kitambaa cha flaneli, yadi 4 kwa shilingi 4, kwa ajili ya kitoto Katherine. Yadi moja kwa bei ya jozi ya viatu vya mama yake. Kitoto hicho nacho hakikukaa, kiliishi siku chache tu.